Ukiugua katikati ya kozi ya urubani

Usiku wa Jumapili iliyopita binti mmoja aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Leo ni siku ya tatu nina mafua, na kesho kutwa nina mtihani wa angani. Nikienda kwa daktari atanisimamisha. Nifanyeje?" Amezaliwa Arusha, wazazi wake wako Texas, na yeye yuko katika wiki za mwanzo za kurusha T-6, ndege ya mafunzo, kwenye Jeshi la Anga la Marekani. Nilimjibu neno moja: nenda. Akaniuliza kwa nini. Nikaanza kumweleza, maelezo yakazidi ukubwa wa ujumbe wa simu, nikaona bora niyaweke hapa, maana si yeye wa kwanza kuniuliza.

Mimi ni wa Majengo, Mombasa. Nilihamia Marekani na mama nikiwa na miaka 12, na nilipoanza kozi ya urubani wa kijeshi nilikuwa na miaka 24 na kichwa kigumu kama kifuu. Mwezi wa nne wa kozi nikapata mafua. Si homa ya kulala kitandani, mafua tu, ya kupenga kamasi asubuhi na kuyasahau mchana. Alhamisi nilikuwa na mtihani. Darasa letu lilikuwa limepangwa kwa alama, na aliye juu ndiye anayetangulia kupata ndege anayoitaka mwisho wa kozi. Mimi nilikuwa wa nne. Nikatoka nje ya kambi, nikanunua vidonge vya kuzibua pua, nikameza viwili na kuvaa ovaroli.

Kupanda hakukuwa na shida. Kupanda huwa hakuna shida, na ndipo mtu anapodanganyika. Hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio ikitanuka hujitokea yenyewe kwa mrija mwembamba unaoshukia kooni. Kazi iko kwenye kushuka, pale mrija uliovimba unapokataa kuipitisha hewa irudi ndani. Tulikuwa futi 15,000, na T-6 kwa kimo hicho hukuweka ndani ya chumba kwenye hewa ya futi 8,000, ambako mgandamizo ni kama robo tatu ya ule wa ufukweni Nyali. Robo iliyobaki hukurudia yote katika dakika chache za mwisho, wakati una kiwanja cha kutafuta, redio ya kujibu na mwalimu anayekupa alama.

Kwenye futi 4,000 hivi sikio la kushoto likafunga. Nikabana pua juu ya barakoa ya oksijeni nikapuliza. Wapi! Nikapuliza kwa nguvu zote, nikasikia sauti kama kitambaa kinachochanwa, kisha dunia ikaanza kuzunguka. Mwalimu aliyekaa nyuma akaniuliza mwendokasi wetu ni ngapi. Nilikuwa naitazama saa ya mwendokasi mbele yangu na siwezi kuisoma. Akachukua usukani bila kusema neno, akaipandisha ndege kidogo ili sikio lilegee, kisha akaishusha taratibu. Nilipovua kofia nilikuta damu kidogo kwenye kisikizio.

Daktari wa anga, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alichungulia sikio akaniuliza: "Mafua yana siku ngapi?" Nikasema mafua matatu. Nilimaanisha siku tatu; hata Kiingereza kilikuwa kimenipotea. Akaandika. Kama ningemwendea siku ya kwanza angenizuia siku tano, labda sita. Nilikaa chini wiki tano. Darasa langu likaniacha, nikaingizwa darasa la nyuma na watu nisiowajua, na ile nafasi ya nne ikabaki hadithi. Mama alipopata habari akanisomea mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia mama, kwetu huku kifo hakina haja ya kujisumbua, futi 4,000 zinatosha.

Sasa, kwa wasiolijua jambo hili. Katika jeshi la anga daktari wako ana kalamu inayoweza kukuondoa kwenye ratiba ya kuruka. Hali hiyo huitwa DNIF, yaani kazi zisizo za kuruka, nasi tunaitamka "dinifu", na mwanafunzi akitamkiwa neno hilo moyo wake huanguka. Woga huo hauko kwa wanafunzi peke yao. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliowauliza marubani 3,765 wa Marekani, na asilimia 56 wakakiri kuwa wamewahi kukwepa matibabu au kuficha jambo kwa kuogopa kupoteza cheti cha afya. Zaidi ya nusu! Kwa hiyo mdogo wangu, usijione mwoga peke yako. Na wala sikwambii kwamba woga huo ni ujinga. Una msingi. Ila mara nyingi tunaogopa kitu kisicho chenyewe: mwanafunzi anadhani dinifu ni mlango unaofungwa, kumbe kwa mafua, tumbo la kuhara, kifundo kilichoteguka au jino lililong'olewa ni ruhusa ya siku chache, na wanaopanga ratiba wameshazoea kusogeza safari za watu. Mwanafunzi aliyekaa chini muda hupewa safari ya kujikumbusha kabla ya mtihani. Hilo mimi sikulijua kwa sababu sikuuliza.

Kichefuchefu cha angani ndicho kinachofichwa kwa ustadi kuliko vyote. Mtu anatapika ndani ya glavu ili mwalimu asiuone mfuko. Nimeona kwa macho. Lakini kwa kichefuchefu kuna utaratibu kamili, na utaratibu wenyewe ni kiti kinachozungushwa, kiti cha Bárány. Unaketi, unafumba macho, unazungushwa huku ukiinamisha kichwa upande huu na ule, unapumzika, unazungushwa tena, siku baada ya siku, mpaka sikio la ndani lichoke kulalamika. Wengi hutoka pale wakaruka salama kozi nzima. Aliyeficha hakalishwi kwenye kiti. Anaendelea kuharibu safari moja baada ya nyingine, alama zinashuka, na mwisho anaondolewa kwa kushindwa kurusha ndege, wakati tatizo lilikuwa tumbo.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo nitakwambia pia habari ya rafiki yangu. Tulikuwa naye katika lile darasa langu la mwanzo la urubani, kijana wa Georgia, mkono wake kwenye usukani ulikuwa mwepesi kuliko wetu sote. Asubuhi moja akiwa anasoma aliona mwanga wa mistari iliyopindapinda, kama umeme, ukitambaa upande mmoja wa macho yake yote mawili. Dakika ishirini ukapotea, kichwa kikaanza kugonga. Ilikuwa mara ya tatu mwaka ule. Akaenda akasema. Faili lake likasafiri hadi kwa madaktari bingwa wa anga kule Wright-Patterson, Ohio, likakaa miezi, likarudi na jibu la hapana. Hakupata mbawa, ile nembo ya urubani. Kwa miaka miwili alikuwa akinipigia simu usiku kuniambia kwamba kosa lake maishani ni kufungua mdomo.

Sikuwahi kubishana naye. Ningemwambia nini? Lakini nilikuwa nikiwaza kitu kimoja kila akimaliza kusema: wiki mbili baada ya siku ile alikuwa amepangiwa safari ya peke yake, bila mwalimu nyuma. Ule mwanga ungemjia pale anapokata kona kuingia kiwanjani, dakika ishirini nusu ya dunia haionekani, nani angechukua usukani? Mimi nilikuwa na mtu nyuma yangu. Yeye asingekuwa naye. Siku hizi anaongoza ndege akiwa ardhini, kwenye mnara, na ana sauti tulivu sana redioni. Hasira imepungua, haijaisha.

Kwa hiyo ninaposema nenda, siahidi kwamba utarudi na habari njema. Nasema kwamba jambo litajulikana tu, na tofauti iko kwenye nani amelisema kwanza. Ukilisema wewe mapema, bado kuna vipimo, kuna muda, na kuna kile tunachokiita weva, yaani kibali maalumu cha kuruka pamoja na kasoro iliyochunguzwa. Likisemwa na ndege, vyote hivyo havipo. Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika angani mwaka 1961, alishikwa na ugonjwa wa sikio la ndani uliomtia kizunguzungu, akasimamishwa miaka. Mwaka 1968 alifanyiwa upasuaji hospitalini Los Angeles akijiandikisha Victor Poulos ili asijulikane. (Tazama, hata yeye alikuwa na ya kuficha.) Lakini sikio alilirudisha kwa madaktari wa NASA, wakalipima, wakamruhusu mwaka uliofuata, na mwaka 1971 akatembea mwezini akiwa na miaka 47.

Kuna upande mmoja unaotuhusu sisi tuliotoka nyumbani, na sijauona ukizungumzwa. Fomu ya kuingia inakuuliza magonjwa yote uliyowahi kuugua, na kuna watu watakunong'oneza uandike "hapana" kila mahali. Sisi tuna kishawishi zaidi, kwa sababu kadi zetu za kliniki zilibaki kabatini kwa bibi, na unajua hakuna kompyuta ya Marekani itakayoisoma kadi ya Likoni. Tangu 2022 mfumo wa jeshi unavuta kumbukumbu za hospitali za kiraia za huku, kwa hiyo wenzetu waliozaliwa hapa hunaswa mapema. Wewe hutanaswa leo. Utanaswa utakapomwambia daktari kwa bahati mbaya miaka sita mbele, na kusema uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai. Nimekutana na kijana aliyeficha pumu ya utotoni iliyomwisha akiwa na miaka minane. Kanuni inauliza habari ya pumu baada ya kutimiza miaka 13! Ukweli wake usingemzuia. Sasa tatizo lake si pumu tena, ni uongo.

Jingine ni seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani kwetu wenye kinasaba kimoja ni wengi, na sababu inajulikana: mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba kinasaba hicho kimoja humkinga mtu na malaria. Babu zetu waliishi kwa sababu yake. Hadi 1981 chuo cha maofisa wa Jeshi la Anga kule Colorado kiliwakataa vijana walio nacho, na wazee weusi waliotutangulia wanalikumbuka hilo kwa uchungu, ndiyo maana baadhi yao watakushauri unyamaze. Mambo yamebadilika. Watapima damu yako utakapoingia, watakiona, na kuwa nacho peke yake hakukufungii mlango wa jeshi. Bora kukitaja mwenyewe na kuuliza mapema kinahusiana vipi na kazi ya kuruka unayoiomba, kuliko kukaa na wasiwasi usio na jibu.

Na dawa za mama. Mama yangu alikuwa akinitumia unga wa mizizi kwenye chupa ya jemu, hauna jina, una harufu ya soko zima la Kongowea. Rubani haruhusiwi kumeza chochote kisichopitishwa na madaktari wa anga, iwe kidonge cha dukani, unga wa kujenga misuli au mizizi ya mama. Nilichukua chupa nikaenda nayo kliniki. Daktari alinusa, akacheka, akakataa. Nikauliza tangawizi kwenye chai. Akakubali.

Ukienda, nenda siku ambayo huna safari, au asubuhi mapema kabla ya taarifa ya hali ya hewa, usiende ukiwa tayari na kofia ya kurukia mkononi. Andika kwenye karatasi ilianza lini, inakuja mara ngapi, unameza nini. Kisha muulize maswali mawili wazi: je, hili ni la siku au la miezi, na kama ni la miezi, weva yake hutolewa? Wanaijua orodha, watakujibu. Usikimbilie daktari wa mjini kwa siri. Matibabu ya nje nayo unatakiwa kuyaripoti, na siri mbili ni nzito kuliko moja.

Kama ni mambo ya moyoni, huzuni, usingizi uliokukimbia, ndoa inayoyumba, jua kwamba daktari wa jeshi ana wajibu kwako na kwa kamanda pia, si kila kitu kitabaki kati yenu. Kasisi wa kambi ndiye anayetunza siri kikamilifu, hata kama wewe ni Mwislamu kama mimi na yeye Mbatisti. Nilianzia kwake mwaka ule wa sikio. Yeye ndiye aliyenitembeza kwa miguu hadi mlango wa kliniki mara ya pili.

Jumatatu saa nne asubuhi yule binti akaandika tena. Amepigwa dinifu hadi Ijumaa, atakapoangaliwa masikio, na mtihani umesogezwa wiki ijayo. Alichotaka kujua ni afanye nini siku zote hizo. Nikamwambia avute kiti katikati ya chumba, ashike mpini badala ya usukani (sisi tulitumia mpira wa kuzibulia choo, mpya lakini), afumbe macho aruke mtihani mzima kwa mdomo, kuanzia kuwasha injini hadi kuegesha, asubuhi mara moja na jioni mara moja. Na tangawizi anywe, ila amuulize daktari wake kwanza.