Vijijini Japani kwa siku moja: anza na treni ya kurudi

Msomaji anayeishi Saitama ameniandikia kwa uchungu: alikwenda kutembea milima ya Fukushima, treni ya jioni ikamwacha, akalipia hoteli ambayo hakuipangia. Wengi wetu tunaoishi huku tunaponzwa na mazoea ya Tokyo, ambako ukikosa treni nyingine inaingia baada ya dakika chache. Kijijini unaweza kungoja saa tatu, au usiipate tena siku hiyo.

Chukua njia ya reli ya Tadami, kilomita 135.2 kutoka Aizu-Wakamatsu hadi Koide. Mafuriko ya Julai 2011 yalibomoa madaraja yake, na njia nzima ilifunguliwa tena Oktoba 1, 2022. Treni zinazokwenda mwanzo hadi mwisho ni tatu tu kwa siku kila upande. Basi panga kinyumenyume. Tafuta kwanza treni ya mwisho ya kukurudisha, halafu ile inayoitangulia. Rudi na hiyo inayotangulia. Ya mwisho iwe ya dharura. Ratiba ipige picha, maana mtandao hupotea kwenye mahandaki, na usitumie ya mwaka jana kwa sababu hubadilishwa kila Machi. Kwa mabasi soma safu sahihi: heijitsu ni siku za kazi, kyujitsu ni za mapumziko. Basi la Jumatano huenda Jumapili lisiwepo kabisa.

Nauli ndiyo inayoaibisha watu. Ukigonga Suica, kadi ya kielektroniki ya kulipia nauli, mjini kisha ukashukia kituo kisicho na mashine ya kuisoma, utalipa taslimu, na kadi itabaki imefungwa mpaka mhudumu wa kituo kingine aifungue. Nunua tiketi ya karatasi hadi unakokwenda.

Ukipandia kituo kisicho na mhudumu, treni huwa ya wanman, yaani dereva peke yake. Bonyeza kitufe mlango ufunguke, ingia kwa nyuma, uchukue kijikaratasi chenye namba kiitwacho seiriken. Juu ya dereva kuna ubao. Tafuta namba yako, na chini yake utaona nauli ikipanda kituo kwa kituo. Ukifika, nenda mbele utumbukize kijikaratasi pamoja na pesa kamili. Sanduku halirudishi chenji. Mashine ya pembeni huvunja noti ya yen 1,000 na sarafu kubwa, ila noti ya 10,000 haiipokei, na wenzako wote watakusubiri wewe.

Beba noti tano za 1,000 na sarafu kumi za 100. Zitakufaa pia kwenye vibanda vya mboga visivyo na muuzaji: unachukua nyanya, unaacha sarafu kwenye kopo. Lipa, ndugu yangu, hata kama hakuna anayekuona. Mkulima amekuamini bila kukujua.

JR Pass, tiketi ya kusafiri bila kikomo kwenye treni za JR, si yetu wakazi, ni ya watalii wa muda mfupi. Seishun 18 nayo, tiketi ya bei nafuu ya treni za kawaida, tangu majira ya baridi ya 2024, ni ya siku 3 au 5 mfululizo kwa mtu mmoja, kwa hiyo haifai kwa safari ya siku moja. Kadi ya ukaazi usiiache nyumbani. Kutoibeba kuna faini ya hadi yen 200,000.

Chakula nunua mjini. Kwa Waislamu, mchuzi wa soba, yaani tambi za Kijapani, mara nyingi una mirin, kiungo kitamu cha mchele, nayo ina pombe. Na ukishuka kwenda kutazama daraja la kwanza la mto Tadami kutoka mlimani, funga kengele ya dubu, ya kuwajulisha dubu kwamba unakuja, kwenye begi kabla hujaiacha lami.