Ritifaa ya ng'ombe ilivyomaliza salio la kikundi

Simu iliita saa tatu usiku. Alikuwa mhazini wa kikundi kimoja cha wafugaji upande wa Bahi, mama ninayemheshimu sana. Aliitikia shikamoo yangu kwa haraka, akaenda moja kwa moja: "Marahaba mwanangu. Salio tuliloweka la matangazo matatu limekwisha, na tumetuma tangazo moja tu. Hela za watu zimeenda wapi?"

Mfumo wa kuwatumia wanachama ujumbe mfupi niliuandika mimi. Siku iliyofuata nilipoteza asubuhi nzima nikibishana na watu wanaotuuzia ujumbe kwa jumla, nikiamini wametukata kimakosa. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Tangazo lilikuwa na herufi 148, na ujumbe mmoja hubeba hadi 160, kwa hiyo nilitarajia tutozwe ujumbe mmoja kwa kila mwanachama. Tulitozwa mitatu.

Nilipochapa baiti zake moja moja (baiti ni kizio ambacho kompyuta huhifadhia maandishi, chenye biti nane, yaani sifuri na moja nane) ndipo nikaona. Tangazo lilihusu mnada wa ng'ombe, na katibu alikuwa ameliandika kwanza kwenye programu ya kuandikia nyaraka, kisha akalinakili. Programu ile ilikuwa imegeuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa ile iliyopinda (’). Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizojuana: ya kwanza ni U+0027 (namba yake katika Unicode, orodha ya herufi za dunia), inachukua baiti moja katika UTF-8, mpangilio wa kuziandika herufi hizo kwa baiti; ya pili ni U+2019, inachukua baiti tatu, E2 80 99. Ujumbe mfupi una nafasi ya baiti 140. Herufi za kawaida hupakiwa kwa biti 7 kila moja, ndiyo maana zinaenea 160. Ikiingia hata herufi moja isiyo kwenye orodha ile ya kawaida, na ritifaa iliyopinda haimo, ujumbe wote unahamia biti 16 kwa herufi. Nafasi inashuka hadi herufi 70, na ujumbe ukigawanywa, kila kipande kinabeba 67. Herufi 148 zikawa vipande vitatu. Hela za wafugaji zililiwa na alama moja ndogo.

Hili nawaambia vijana wote wanaokuja kwetu Dodoma kwa mafunzo kwa vitendo: Kiswahili kinatulevya. Wafaransa na Wajerumani wana herufi zenye alama juu, kwa hiyo programu yao ikichanganya herufi na baiti inaharibika siku ya kwanza, nao wanairekebisha siku hiyo hiyo. Sisi maandishi yetu karibu yote yanaenea ndani ya ASCII, zile herufi 128 zilizopangwa Marekani miaka ya 1960, ambako herufi moja ni baiti moja. Unaweza kuandika msimbo mbovu miaka mitano na usijue. Kisha anakuja ng'ombe.

Kosa la pili ndilo lililoniumiza zaidi. Nilikuwa nimeandika kwa lugha ya C programu ya kifaa kidogo cha kuchapa risiti kwenye mizani. Kila mfugaji ana rekodi yake: jina la kata baiti 16, likifuatiwa na namba ya simu. Nilihesabu majina ya kata kwa kidole, nikaona 16 zinatosha. Ng'hong'onha, kata iliyopo hapa Dodoma, ina herufi 12. Ina nafasi ya kupumua, nilidhani.

Orodha ya kata ililetwa ikiwa na ritifaa zilizopinda. Herufi 10 za baiti moja, na ritifaa mbili za baiti tatu: jumla baiti 16 kamili. Nami nilitumia strncpy, nikijua ndiyo njia salama ya kunakili. Strncpy ikijaza nafasi yote haiweki ile baiti ya sifuri inayoiambia C kwamba neno limeishia hapa. Haikutungwa iwe toleo salama la strcpy, ile inayonakili bila kuangalia nafasi. Ilitungwa kwa ajili ya nafasi za upana maalumu, kama majina ya mafaili katika mfumo endeshi wa Unix wa zamani. Basi printa ikasoma jina la kata, haikukuta sifuri, ikaendelea. Risiti zikatoka na jina la kata lililogandana na namba ya simu ya mfugaji, na zile risiti zilikuwa zinapita mikononi mwa watu. Namba za watu walioniamini. Nilizifuata risiti zile mwenyewe nikazikusanya nilizoweza.

Tangu hapo katika C natumia snprintf, inayoandika maandishi ndani ya nafasi uliyoipimia, na siachi kuangalia jibu lake. Inaweka sifuri mwishoni daima ilimradi nafasi uliyoipa si sifuri, na inakurudishia urefu ambao maandishi yangehitaji. Ukiwa sawa na nafasi yako au zaidi, ujue umekatwa. Kuna pia strlcpy ya kunakili, iliyotoka kwa watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 1998 na kuingia kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux, mwaka 2023. Memcpy, inayonakili idadi ya baiti unayoitaja, itumie pale tu unapojua urefu kwa hakika. Kama sehemu unakotoa na unakoweka zinapishana, tumia memmove. Gets, inayosoma mstari bila kujua ukubwa wa nafasi, usiiguse kabisa: ndiyo mlango mmojawapo wa mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe kwenye mtandao mwaka 1988, na iliondolewa kwenye kiwango cha C cha 2011.

Hata snprintf haijui herufi. Inaweza kukata katikati ya zile baiti tatu na kukuachia kipande ambacho skrini itakionyesha kama kisanduku au alama ya kuuliza. UTF-8, aliyoibuni Ken Thompson pamoja na Rob Pike mwaka 1992, imekurahisishia hapa: baiti za kuendeleza herufi zote huanza na biti 10. Kama baiti ya kwanza unayotaka kuitupa ni ya aina hiyo, rudi nyuma hadi ufike inapoanzia herufi, kisha ukate hapo.

Lugha nyingine zina mitego ile ile kwa majina tofauti. Katika PHP, strlen inahesabu baiti na mb_strlen inahesabu herufi. Go nayo, len ni baiti. Python 3 imetenganisha kabisa str na bytes, na ndiyo sababu naipenda kwa kufundishia: ukizichanganya inagoma papo hapo.

Sasa kuhusu hizo ritifaa zenyewe. Zisafishe mlangoni, pale maandishi yanapoingia: U+2018, U+2019, U+02BC na ile alama ya mgongo (`) zote ziwe U+0027, halafu ndipo uhifadhi. Usipofanya hivyo, karani atatafuta Ng'hong'onha na ataambiwa haipo, ilhali ipo.

Lakini usizifute. Nimeona mifumo inayoondoa ritifaa kwa sababu inavunja maagizo ya SQL (lugha ya kuulizia kanzidata), na makarani wanaomwambia mtu mzima aandike jina la ukoo wake bila hiyo alama "maana kompyuta inakataa". Kung'oa si ngoa. Jina la mtu alilopewa na babu yake halibadilishwi kwa sababu wewe uliunganisha maandishi kwa alama ya kujumlisha badala ya kupitisha thamani kama vigezo, yaani kando ya agizo lenyewe. Kila maktaba ya kanzidata ninayoifahamu ina njia ya vigezo. Itumie, na ritifaa itaingia bila kuvunja kitu.

Mhazini yule nilimrudishia hela ya vipande vilivyozidi kutoka mfukoni mwangu, nikamweleza kisa chote. Akasikiliza, kisha akaniuliza kama ni lazima waache kuandika ng'ombe. Nikamwambia hapana mama, andikeni. Sasa kila mfumo ninaoukabidhi, jaribio la kwanza ni kuingiza Ng'hong'onha kwa ritifaa iliyonyooka, kisha kwa iliyopinda, kuitafuta, kuichapa kwenye risiti, na kuhesabu ujumbe mfupi uliotozwa.