Nilipie huduma ya kuangaliziwa rekodi ya mikopo?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, mdogo wangu yuko Marekani kaambiwa taarifa zake zimevuja, sasa anataka kulipa kampuni imwangalizie rekodi ya mikopo kila mwezi na kaniomba nimchangie. Alipe? Na mimi huku je?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie atulie kwanza. Hiyo huduma haizuii mwizi, inakushtua mwizi akishaingia, ni kama mlinzi wa mwaloni anayekupigia simu injini ya mtumbwi ishabebwa (nacheka ila ndo ukweli). Kule rekodi zinatunzwa na kampuni tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, na tangu 2018 sheria inamruhusu kuzifungia bure, yaani mtu akiomba mkopo kwa jina lake mkopeshaji haioni rekodi na mara nyingi anagoma kutoa. Afungie zote tatu, moja haitoshi, siku akitaka kukopa mwenyewe anafungua. Waliovujisha wakimpa huduma bure achukue tu, ila ya kulipia mi singetoa hela yangu ya dagaa.

Wewe huku anza na laini, piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako, maana mikopo ya simu inaanzia hapo hapo. Ukikuta usiyoijua nenda dukani kwa wenye mtandao waifute. Na wale mawakala wa mwavuli, akikwambia weka kidole tena eti haijasoma, muulize kwanza anasajili laini ngapi.