Mama anayumba: vazi la kubana litamsaidia?

SWALI: Dada, mama yangu ana miaka 61. Tangu kiharusi kiguse ubongo wake wa nyuma, anayumba akitembea, na sokoni Kibuye haendi tena. Nimesikia kuna mavazi ya kubana yanayosaidia kusimama imara. Nimnunulie? (Bintiye, Kondele)

JIBU: Pole, mdogo wangu, na mama mpe pole zangu. Yapo. Hushonwa kwa laikra, kitambaa kinachovutika, hukumbatia kiwiliwili na nyonga, na ule mbano huukumbusha ubongo mwili uko wapi. Wengine hutulia, lakini ushahidi kwa watu wazima bado ni mchache, kwa hiyo usikope pesa kwanza. Mgonjwa wangu mmoja, akiwa amevaa vazi hilo, aliosha vikombe bila kushika ukuta. Ila kulivua aende msalani, na joto hili la Kisumu, kulitutoa jasho sote wawili. Hilo la msalani huwashinda wengi.

Mtaalamu wa fiziotherapia amwone akitembea nalo na bila. Asilale nalo. Akilivua, kagua ngozi: alama nyekundu isiyofifia, au ganzi, aache. Ana kisukari? Daktari ajue mapema. Mazoezi yaendelee. Na kama kuna mkeka mlangoni, uondoe leo.