Kwa mnaoanza kuuguza wagonjwa wa saratani katika siku zao za mwisho

Swali la kwanza utakaloulizwa na ndugu ni "Amebakiza muda gani?" Usitaje tarehe. Angalia kasi ya mabadiliko: anayedhoofika mwezi hadi mwezi mara nyingi amebakiza miezi, wiki hadi wiki amebakiza wiki, na anayebadilika kila siku amebakiza siku. Waeleze hivyo hivyo, ili aliye mbali aitwe mapema.

Maumivu ndiyo kazi yako kubwa. Mofini ya kunywa hufanya kazi kwa takriban saa 4, kwa hiyo apewe kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, usingoje alie. Maumivu yakichomoza katikati, apewe dozi ya ziada aliyoandikiwa. Utawasikia ndugu wakinong'ona kwamba dawa hii itamfanya teja au itamuua. Kaa nao chini. Waambie kwamba ikianzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu, haiharakishi kifo. Usingizi mzito na kichefuchefu cha mwanzoni kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Hili husahaulika mno, na mgonjwa huishia kuikataa mofini kwa sababu ya tumbo.

Kuna maumivu ambayo dozi haiyafikii. Daktari Mwingereza Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuuguza wanaokaribia kufa, mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba mtu anayekufa huumia mwili, akili, roho na uhusiano wake na watu, vyote kwa pamoja. Dozi ikipanda bila nafuu, muulize kinachomkosesha usingizi. Huenda ni deni, au mtoto waliyekosana.

Chakula kitawaliza ndugu kuliko kitu kingine. Watamlazimisha uji kwa kijiko, naye atapaliwa. Waeleze kwa upole: haachi kula ndipo afe; anakufa, ndiyo maana ameacha kula. Dripu nayo katika siku za mwisho mara nyingi huongeza uvimbe na majimaji kifuani. Lakini usiwanyang'anye kijiko ukawaacha mikono mitupu. Wafundishe kumlowanisha mdomo kwa kitambaa safi na kumpaka mafuta midomoni. Hiyo ni huduma kamili, na mgonjwa huihisi.

Kisha atalala karibu kutwa nzima. Mkojo utapungua na rangi yake itakolea, miguu itapoa, ngozi ya magotini itaota mabaka ya zambarau. Pumzi itakuwa na vituo, hata nusu dakika, halafu irudi. Wengine hukoroma kwa sababu ya mate wasiyoweza kumeza wala kukohoa; mlaze ubavu. Sauti hiyo huwatesa wanaosikiliza kuliko mgonjwa, ambaye mara nyingi hana fahamu tena. Yaseme haya yote kabla hayajatokea. Familia iliyoonywa hukaa kando ya kitanda. Isiyoonywa humkimbiza hospitali usiku wa manane.

Akihangaika na kuvutavuta shuka, kabla ya kufikiria dawa ya kumtuliza, mguse chini ya kitovu. Kibofu kilichojaa au choo kilichogandamana humfadhaisha mtu asiyeweza tena kusema. Akizungumza na marehemu mama yake, usibishane naye.

Wapo wanaoamka ghafla wakiwa na nguvu, wakaomba chakula, wakacheka. Usiseme amepona, wala usiharibu furaha. Waambie ndugu wenye la kusema walisema leo. Hata akizimia, zungumzeni naye kama anayesikia.

Pumzi ikikoma, hakuna dharura tena. Waachie familia muda wao, kisha hesabu mofini iliyobaki pamoja na ndugu mmoja, iandikwe, irudishwe ilikotoka. Isibaki kabatini, hasa penye watoto.