Mimi Mwanamume, Nami Ninaolewa

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mke wangu aliazima Biblia yangu kwa sababu yake ilikuwa imebaki kanisani. Akafungua Waefeso sura ya 5, akatulia kidogo, kisha akanigeuzia ukurasa nione. Mstari wa 22, ule wa "Enyi wake, watiini waume zenu", nilikuwa nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Tena kwa rula. Kuanzia hapo ukurasa ulikuwa mweupe mpaka mwisho wa sura.

"Wino uliishia hapa?" akaniuliza.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Naandika haya kwa ajili ya waliooa, walioolewa, na wanaojiandaa, kwa sababu kila harusi ya Kikristo niliyohudhuria nimesikia neno lile lile: ndoa ni mfano wa Kristo na Kanisa. Ni kweli, na ni neno zuri. Lakini mimi nililichukua vibaya kwa miaka, na naona wengi wanalichukua kama nilivyolichukua. Nilipolisikia nilifanya hesabu ya haraka: Kristo ni bwana arusi, mimi ni bwana arusi, basi nyumbani kwangu mimi ndiye nimekaa kwenye kiti cha Kristo. Hesabu hiyo ilinistarehesha sana. Tukibishana jambo, nilikuwa na mstari wa kufungia mjadala.

Siku ile ya wino nilisoma sura yote taratibu, kwa aibu zaidi kuliko kwa ibada. Maneno ya Paulo kwa wake ni mistari mitatu. Kwa waume anaanza mstari wa 25 na haachii mpaka wa 33, na hapo mwishoni ndipo anamrudia mke kwa nusu ya mstari. Kabla ya yote kuna mstari wa 21, unaowaambia waumini wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo. Baadaye nilijifunza kwamba katika baadhi ya nakala za kale kabisa za Kigiriki mstari wa 22 hauna hata kitenzi chake. Unaazima kile cha mstari wa 21. Ule niliouwekea rula, basi, ni kipande cha sentensi iliyoanza kwa kuniambia mimi pia ninyenyekee.

Neno "kichwa" limo, silikwepi. Makanisa yanatofautiana juu ya uzito wake, nami sina haja ya kuamua ugomvi huo hapa. Ila tazama mume anaambiwa amwige Kristo katika nini. Si katika kuketi mkono wa kuume wa Baba, wala katika kuhukumu. Ni katika jambo moja: "akajitoa kwa ajili yake". Kisha Paulo anasema siri hiyo ni kubwa, na kwamba yeye ananena habari za Kristo na Kanisa. Wakatoliki wanaiita ndoa ya wabatizwa sakramenti, na neno hilo linatokana na lile ambalo Biblia ya Kilatini ililitumia hapo penye "siri". Waprotestanti wengi hawaiiti hivyo. Lakini sura inayosomwa kwenye arusi za pande zote mbili mara nyingi ni hii hii.

Sasa nije kwenye jambo lililonigeuza. Kiswahili chetu kina ukali wake: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Ukimwambia mwanamume kwamba ameolewa, umemtukana. Lakini nikiwa ndani ya Kanisa, na Kanisa ndilo bibi arusi, mimi niko upande gani? Ninaolewa. Pamoja na ndevu zangu. Upande wa bwana arusi yuko mmoja tu, na kiti kile kina mwenyewe.

Wala si fikra mpya. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa karne ya 12, aliandika mahubiri 86 juu ya Wimbo Ulio Bora, na alipofariki mwaka 1153 alikuwa bado yuko mwanzoni mwa sura ya tatu. Wasikilizaji aliowakusudia walikuwa watawa wenzake, wanaume watupu, na aliwafundisha wajione katika sauti ya yule bibi arusi. Wanaume wa karne ile hawakuona haya. Sisi tunaona.

Kujua hivyo kichwani ni jambo moja. Moyoni kulifika kwa njia mbaya. Nilikuwa nimemdhamini rafiki yangu mkopo bila kumwambia mke wangu. Rafiki akatoweka, barua za kudai zikaanza kuja, nami nikawa nazificha kwenye begi la kompyuta, katikati ya karatasi za kazi. Kila nilipoweka nyingine nilijiambia nitasema mwisho wa mwezi. Miezi minane ikapita hivyo. Siku alipozikuta alikuwa anatafuta chaja. Nilimkuta amekaa kitandani, amezipanga kwa tarehe, moja juu ya nyingine, kingo zimelingana kabisa. Mpangilio ule ulinitisha kuliko kelele.

Alisema: "Nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Siondoki. Lakini kesho hujifichi, tunakaa na hizi zote mezani."

Niliwahi kusoma Hosea mara nyingi, na kila mara nilijiona mimi ni Hosea. Mume mvumilivu, nabii, mtu wa Mungu. Usiku ule nilikuwa Gomeri, yule mke wake asiye mwaminifu. Katika sura ya 3 Hosea anamrudisha mkewe kwa vipande 15 vya fedha, na homeri moja na nusu ya shayiri. Torati, katika Kutoka 21, inataja vipande 30 kuwa fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe. Hosea alitoa nusu ya hiyo kwa fedha, na kilichobaki akatoa nafaka. Ni mimi ninayeona hivyo, lakini namwona mtu aliyekung'uta mifuko, ikapungua, akarudi ghalani kuchota shayiri. Na anayemkomboa ni mke wake mwenyewe.

Ndipo nikaelewa kwa nini manabii hawakuridhika na mfano wa mfalme na raia, au wa mchungaji na kondoo, ingawa wanaitumia yote. Raia akikosa, mfalme anachukia. Mke au mume akikosa, kuna kitu kinachouma ambacho sheria haina jina lake. Yeremia 2 inaanza na Mungu anayekumbuka: nakukumbuka, upendo wa wakati wa uposo wako, jinsi ulivyonifuata jangwani. Hayo si maneno ya hakimu. Ni maneno ya mtu anayetazama picha za zamani usiku. Kama umewahi kuambiwa "nimekasirika" na "siondoki" katika pumzi moja, unajua neema ina ladha gani. Haina ladha ya sukari.

Nisipoteze nafasi hii bila kusema la pili, kwa sababu Hosea huyu ametumiwa vibaya. Nimewahi kuketi kwenye kikao ambapo dada mmoja, mwenye jeraha bado bichi juu ya jicho, aliambiwa na wazee arudi nyumbani "akapende kama Hosea". Nilinyamaza. Naliungama hilo hapa, maana nilikuwa na mdomo. Ndugu yangu, mfano huu hauwapi waume ruhusa ya kupiga, wala hauwafungi wake wasiondoke mahali pa hatari. Ziko sura ngumu, Hosea 2 na Ezekieli 16, zenye lugha ya kumvua mwanamke na kumwaibisha, na mimi huzisoma kwa tabu. Lakini pale nabii anaongea na taifa zima lililokwenda kuabudu miungu mingine. Mume anayezichukua kama mwongozo wa kumtendea mkewe ameshakaa kwenye kiti kile ambacho si chake. Aliyebeba majeraha katika mfano huu ni bwana arusi. Ukiona majeraha yapo kwa mke, ujue mfano umepinduliwa.

Katika Hosea 2:16 kuna neno ambalo sisi wa Kiswahili tunalisikia kwa sikio la pekee. Mungu anasema siku ile utaniita Ishi, hutaniita tena Baali. Yote mawili kwa Kiebrania ni majina ambayo mke aliweza kumwitia mumewe. Ishi ni "mwanamume wangu, mume wangu". Baali ni "bwana wangu, mwenye kunimiliki", na ni jina la mungu wa Wakanaani vilevile. Kwetu neno "bwana" linabeba mizigo hiyo miwili: mke anasema "bwana wangu" akimaanisha mumewe, na kanisa zima linaimba "Bwana" likimaanisha Mungu. Ni rahisi mno kwa mwanamume kusikia la kwanza kwa utukufu wa la pili. Na hapa Mungu mwenyewe, ambaye ni Bwana kweli, anaomba aitwe mume. Tangu nilipoliona hilo, sala yangu ya asubuhi imebadilika. Zamani niliripoti kama karani mbele ya bosi: nimefanya hiki, naomba kile, asante. Siku hizi naanza na lile ninalolificha kwenye begi. Kama una moja tu la kujaribu kutoka kwenye makala hii, jaribu hilo kwa wiki moja.

Wasio na ndoa, msifunge ukurasa. Mama mmoja mjane katika kikundi chetu cha maombi aliwahi kuniambia, "Mwanangu, ninyi mnahubiri arusi kana kwamba sisi tumebaki nje ya mlango." Akanisomea Isaya 54. Mstari wa 5 unapendwa, "Muumba wako ni mume wako", lakini yeye alianza na wa 4, unaosema mashutumu ya ujane hayatakumbukwa tena. Maneno hayo yaliandikwa kwa walio kama yeye kabla ya kufika kwangu mimi mwenye pete. Paulo, aliyeandika ile sura ya Waefeso, alikuwa anaishi bila mke. Yesu naye, anayejiita bwana arusi katika Marko 2, hakuoa. Huhitaji cheti cha ndoa ili kuielewa picha hii, na ukiwa nacho si hakika kwamba umeielewa.

(Jambo dogo linaloniudhi: nyimbo zinazomwimba Yesu kana kwamba ni mchumba wa mtu mmoja, mimi na yeye tu, chini ya mbalamwezi. Katika Agano Jipya bibi arusi ni Kanisa, sisi wote, pamoja na yule aliyekuudhi Jumapili iliyopita.)

Halafu kuna suala la muda, ambalo lilinisaidia kumstahi mke wangu. Paulo anawaambia Wakorintho katika barua ya pili, sura ya 11, kwamba amewaposea mume mmoja. Wameposwa. Katika Uyahudi wa wakati ule posa ilikuwa kifungo halisi. Ndiyo maana Yusufu, kabla hajamchukua Mariamu nyumbani, alifikiria kumwacha kwa siri, yaani kumpa talaka. Arusi yenyewe, ile karamu ya Mwana-Kondoo, iko Ufunuo 19, karibu na mwisho wa kitabu. Basi tuko katikati: tumefungwa, hatujafika. Mimi nilikuwa nikidai ndoa yangu inipe sasa kile ambacho Mungu ameahidi mwishoni. Nilitaka mke anayenielewa bila kusema, asiyechoka nami, anayejaza kila shimo nililozaliwa nalo. Hakuna mwanadamu anayeweza mzigo huo, na nikimtwika ni lazima nimchukie akiuangusha. Nilipoacha kumdai awe mungu, nilianza kumwona yeye. Anapenda kimya asubuhi. Miaka sita sikujua, nilidhani amenuna.

Deni tulilimaliza kwa miaka mitatu. Barua zile bado anazo, kwenye bahasha moja, na sijawahi kumwomba azichome.

Juzi tulikuwa tunasoma pamoja Mathayo 22, pale Masadukayo wanapomuuliza Yesu juu ya yule mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, naye anawajibu kwamba katika kiyama watu hawaoi wala hawaolewi. Mke wangu akaweka kidole kwenye mstari.

"Kwa hiyo kule wewe si mume wangu tena."

Nikamweleza kwamba mfano ukikutana na chenyewe, kazi yake imekwisha. Kwamba bwana arusi atakuwa yule mmoja, na sisi sote upande wa pili.

Akafikiri kidogo. "Yaani mimi na wewe tutakuwa wake wenza?"

Nikaanza kumweleza kwamba bibi arusi ni mmoja, ni Kanisa lote, lakini alikuwa ameshasimama, anakusanya vikombe.

"Sawa, mke mwenzangu," akasema. "Vyombo leo ni zamu yako."