Muulize Shangazi: Wazee wa njuga

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Uingereza, na zote zinauliza ngoma moja. Mimi mwenyewe nakaa Oxford, kwa hiyo safari hii sikuwa na haja ya kumsumbua mtu.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, nakaa Headington, pembeni ya Oxford. Tarehe 1 Mei nilitoka zamu ya usiku nikateremka mjini, nikakuta watu wamefurika barabarani alfajiri yote ile. Katikati yao wanaume wazima, wengine mvi tupu, wamevaa nyeupe, njuga miguuni, wanaruka na kupunga vitambaa. Mwenzangu anasema ni mambo ya mizimu. Ni kweli? Na mtu akitaka kujiunga? – Muuguzi wa usiku

Marahaba, mwanangu. Mizimu haimo. Siku hiyo saa kumi na mbili asubuhi waimbaji wa chuo cha Magdalen huimba juu ya mnara, na wakishamaliza, wacheza ngoma huanza huko chini mitaani. Ngoma yenyewe inaitwa morris. Wapo wanaopenda kusimulia kuwa ni ibada ya kale ya misitu, lakini maandishi ya zamani kuliko yote tuliyonayo ni ya mwaka 1448, nayo ni hesabu ya fedha: chama cha masonara wa London kiliwalipa wachezaji shilingi 7. Na mwaka 1600 Will Kemp, mchekeshaji aliyekuwa akiigiza katika kundi la Shakespeare, aliicheza kutoka London mpaka Norwich, siku 9 za kucheza, za mapumziko mbali.

Wewe lakini unakaa Headington, na kisa kikubwa kuliko vyote kilitokea jirani yako. Tarehe 26 Desemba 1899 mwalimu wa muziki aitwaye Cecil Sharp alikuwa kwa mama mkwe wake, nyumba ya Sandfield Cottage. Nje wakatokea wanaume wa Headington Quarry na njuga zao. Haukuwa msimu wao, maana wao hucheza Pentekoste. Ila baridi ilikuwa kali, kazi za ujenzi zimesimama, mifuko imekauka, wakaona bora watoke wachangishe chochote. Aliyewapigia konsatina, yule mdogo wake akodiani, alikuwa fundi matofali wa miaka 27, William Kimber. Sharp akamwita kesho yake na kuandika nota za nyimbo zake. Vitabu humsifu Sharp kwa kuifufua ngoma hii. Mimi namsifu Kimber na ule ukata wao: hali ya hewa ingekuwa nzuri, wangekuwa kazini wanapanga matofali, na Sharp angekunywa chai yake asisikie kitu. Nyumba aliyoijenga Kimber kwa mikono yake iko St Anne's Road, ina kibao cha buluu ukutani. Siku ya mapumziko pita uione.

Ukiwatazama tena, usitazame vitambaa. Tazama miguu. Wanasimama sita, safu mbili za watatu watatu, njuga zimefungwa chini ya goti. Wakiruka wote wakatua pamoja, unasikia *cha!* moja tu. Mmoja akichelewa hata kidogo, njuga zake zinamsema mbele ya watu. Zipo pia ngoma zao za fimbo. Huko nako, sisi wa pwani tumezoea kirumbizi, mtu anatafuta mwanya ampate mwenzake. Hawa wanatafuta fimbo ya mwenzao kwa mdundo, na vidole vinaumia kwa bahati mbaya tu.

Kujiunga ni rahisi. Kila kikundi kina kiongozi, mwalimu wa hatua, na katibu wanayemwita mtu wa mkoba. Mtafute huyo wa mkoba. Kama unataka kwanza kuonja, Jumatatu ya mwisho ya Mei nenda kijiji cha Bampton. Huko wanazunguka bustani za watu kutwa nzima, na yupo mmoja anayebeba upanga wenye keki. Naam, keki, ndani ya mkebe uliopambwa maua, na upanga umepita katikati. Unakatiwa kipande, unatia sarafu kwenye kopo. Nimekula, ni tamu, na baraka wanayosema imo ndani yake sijaikataa.

Shangazi, nimepanga chumba Ock Street, Abingdon. Jirani ananihimiza nikapige kura ya meya wa mtaa mwezi Juni. Mimi si raia. Naogopa kujiharibia makaratasi yangu. – Mpangaji mpya

Nimecheka, nisamehe baba. Huyo meya hana ofisi wala bajeti, ni kiongozi wa wacheza morris. Anachaguliwa Jumamosi iliyo karibu na tarehe 19 Juni, na wapigaji kura ni wakazi wa Ock Street. Idara ya uhamiaji haihusiki. Akishinda anabebwa juu kwenye kiti, na mbele yake zinatangulia pembe za fahali juu ya mti, zenye mwaka 1700, ule ambao wanasema watu wa mtaa walipigania pembe za ng'ombe aliyechomwa wakashinda. Kapige kura. Ukikaa ndani jirani atakununia.

Shangazi, niko Shrewsbury. Binti yangu anataka kuingia kikundi cha morris cha makoti ya viraka. Nimeona picha za zamani, nyuso zimepakwa masizi. Na hivi wanawake wanaruhusiwa? – Mama wa wawili

Hilo la masizi una haki ya kuliuliza, na usilimeze. Huko mpakani na Wales ndiyo ilikuwa desturi. Watetezi wake husema maskini walijificha nyuso wasitambuliwe wakiomba pesa. Wengine wanakumbusha kwamba karne ya 19 Uingereza ilijaa maonyesho ya Wazungu waliojipaka weusi ili kutucheka. Kwangu mimi hoja zote mbili hazimfariji mtoto wako anayesimama pale. Mwaka 2020 vyama vikuu vitatu vya morris viliwataka wanachama wao waache kujipaka nyeusi uso mzima. Kikundi cha Bacup, Lancashire, kilikataa kikajitoa. Wengi wamehamia buluu, kijani au barakoa. Nenda uwaone kwa macho yako kabla hujamruhusu.

Wanawake? Mwaka 1905 waliofundishwa na Kimber kule London walikuwa wasichana mafundi cherehani wa klabu ya Mary Neal. Hata hivyo kile chama cha wanaume kilichoundwa 1934 kilikaa mpaka 2018 ndipo kikapiga kura kuwapokea wanawake. Wanawake wenyewe walikuwa wameshaunda chama chao tangu 1975, hawakungoja. Mwambie binti awahi mazoezi ya majira ya baridi, ukumbini. Akija Mei atakuta wenzake wako barabarani na hakuna wa kumfundisha hatua.